Opena Isiyofungua

Mkebe wa chakula ulizaliwa miaka zaidi ya 40 kabla ya chombo cha kuufungua. Si mzaha. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimtuza Nicolas Appert faranga 12,000 kwa kuvumbua njia ya kuhifadhi chakula: kitie kwenye chupa, izibe vizuri, ichemshe. Mwaka huohuo Peter Durand akapata hataza Uingereza ya kufanya vivyo hivyo kwa vyombo vya bati, na kufikia 1813 kiwanda cha Donkin na Hall kule London kilikuwa kinawauzia wanajeshi na mabaharia nyama ya mkebe. Opena ya kwanza kupewa hataza Marekani, ile ya Ezra Warner, ilikuja 1858.

Hapo katikati watu walikula vipi? Kwa patasi na nyundo. Mikebe mingine ilikuja na maagizo hayo kabisa: kata kando ya kifuniko kwa patasi na nyundo. Askari walitumia singe, visu, chochote chenye ncha. Bati lenyewe lilikuwa nene, si hili la leo unaloweza kulibonyeza kwa kidole. Karibu nusu karne, basi, watu waliuziwa chakula kilichofungwa wakaachiwa wenyewe shida ya kukifikia. Ukitafsiri kwa Kiswahili cha Nairobi, kila mkebe ulikuwa umeandikwa neno moja: jipange.

Neno hilo msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa. Maji yamepotea siku tatu? Jipange. Mvua imenyesha na nauli ya matatu imeruka mara mbili? Jipange. Kazi uliyoifanya mwezi wa pili utalipwa mwezi wa sita? Wewe jipange tu, boss. Ni neno tamu kulitamka, lina kiburi kidogo cha mtu wa mjini ndani yake, na nimelitumia maishani kuliko jina langu. Lakini siku hizi naliona kama neno la uonevu, si kila mara, ila mara nyingi kuliko tunavyokubali. Nililifikia wazo hilo kwa njia ya opena, kwa hivyo itabidi univumilie kidogo tukiongea habari za jikoni.

Hadi majuzi droo yangu ilikuwa na opena mbili. Ya kwanza nilinunua shilingi 180 kwenye supamaketi, ya pili 350 kwenye kibanda mjini, baada ya kujiambia kwamba shida ya ile ya kwanza ilikuwa bei. Zote mbili zilikuwa na tabia moja. Unaibana kwenye ukingo wa mkebe, inauma vizuri, unasikia kale kasauti kazuri ka bati likipasuka, unazungusha nusu duara, halafu inateleza. Unairudisha, inateleza palepale. Ukingo unabaki umetafunwa kama umepitiwa na mbwa, na chakula kiko ndani kinakutazama.

Kwangu hiyo haikuwa shida. Nina mikono ya kijana. Naweza kufungua mkebe kwa kisu nikiupigapiga kwa kiganja, au kwa kijiko, ukisugua ncha yake sehemu moja ya kifuniko hadi bati lilegee. Naweza pia kuupindua na kuusugua kwenye saruji nyuma ya ploti mpaka ule mshono wa ukingo uishe, kisha ukiubana kidogo kifuniko kinaachia. Hiyo ya mwisho nilijifunza bwenini, na niliwahi kuifanya mbele ya wageni nikapigiwa makofi. Opena mbovu ilikuwa inanipa nafasi ya kuonekana mjanja.

Najua kuna mtu ameshauliza: wewe nani, unakula vya mikebe? Si ununue gorogoro ya maharagwe uchemshe kama watu wengine? Maharagwe makavu huchukua kama saa mbili jikoni ukikosa kuyaloweka, na gesi yangu ninaihesabu kama dakika za simu. Mkebe umeshachemshiwa kiwandani. Kwa mtu anayeandika kwa malipo ya makala kwa makala, akiwa na meko moja na chumba kimoja Githurai, mkebe si anasa, ni muda. Na tangu mwezi wa tatu, mkebe umekuwa jambo lingine pia, kwa sababu nyanya yangu alishuka kutoka Nyeri kuja kliniki, na kliniki ikamwambia arudi baada ya wiki mbili, halafu mbili nyingine, kwa hivyo akabaki.

Nyanya amechuma kahawa tangu kabla mamangu hajazaliwa. Vidole vyake sasa vina baridi yabisi. Asubuhi havikunji kabisa. Mchana vinakunja nusu. Kikombe anakishika kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Kuinua sufuria yenye maji ni hatari, hilo tulikubaliana siku ya kwanza, hivyo nikitoka kwenda kutafuta intaneti na kazi namwachia mkate, chai kwenye chupa, na mkebe wa samaki wa nyanya (hii ya sokoni, si yeye), ambao anaupenda kuliko chochote nilichowahi kumpikia.

Jioni moja nilirudi nikakuta vipande vinne vya mkate vimeliwa, vikavu, na chai imekwisha. Nikamuuliza, "Shosho, mbona hukula samaki?" Akasema hakuwa na njaa. Nilipofungua kabati kutafuta chumvi niliuona ule mkebe umerudishwa, umegeuzwa ili upande uliochubuka utazame ukuta. Ukingo ulikuwa umetafunwa mahali patatu. Kifuniko kilikuwa na vishimo vidogo vidogo vya kisu, kama kumi hivi, hakuna hata kimoja kilichopenya. Alikuwa amejaribu kwa muda mrefu.

"Mikono yangu imekwisha," akasema bila kugeuka.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye habari za vyombo ikaniingiza kwenye habari za haki. Hakusema opena imekwisha. Chombo cha kufungulia mikebe kimeshindwa kufungua mkebe, na aliyeona aibu ni binadamu.

Sasa, kuna mtu aliyefikiria jambo hili, au jirani yake, kwa makini sana. Annette Baier, mwanafalsafa mzaliwa wa Nyuzilandi, alichapisha mwaka 1986 insha iitwayo "Trust and Antitrust". Niliisoma katika muhula wangu wa mwisho chuoni, wa mwisho kwa sababu karo iliisha kabla ya shahada, lakini hakuna idara iliyonidai nirudishe nilichokwisha kusoma. Baier anatofautisha kuamini na kutegemea. Anatoa mfano wa majirani wa Kant, waliozoea kurekebisha saa zao kwa matembezi yake ya kila siku. Kama siku moja angelala akapitiliza, siku yao ingevurugika, lakini wasingeweza kusema amewasaliti, maana hakuwaahidi lolote. Uliyemtegemea akikosa, unavunjika moyo tu. Uliyemwamini akikosa, umesalitiwa.

Kiswahili nacho kina maneno hayo mawili na kinajua tofauti yake. Unategemea ngazi, unamwamini aliyekushikia ngazi. Ila tukiingia sokoni tunayachanganya. Tunaulizia opena ya kuaminika, kana kwamba ina dhamiri na iliwahi kula kiapo. Ukimfuata Baier sawasawa, utasema nyanya alivunjwa moyo na opena, basi. Chuma hakisaliti.

Lakini opena si matembezi ya Kant. Kant alitembea kwa sababu zake mwenyewe; majirani walijipatia saa ya bure. Opena haina sababu zake. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, ikafungwa kwenye kadi, na kwenye kadi kuna picha ya mkebe uliofunguka vizuri, kifuniko kimesimama, na mkono wenye kucha safi. Hiyo picha ni ahadi. Kuna mtu aliyeichapisha. Chuma hakisaliti, sawa, lakini chuma kinaweza kubeba ahadi ya mtu ambaye hutakutana naye kamwe, na kinaweza kuivunja kwa niaba yake ukiwa jikoni kwako peke yako.

Mji huu unalijua hilo kwa namna nzito zaidi. Jengo la ghorofa lilipoanguka Huruma mwezi wa nne mwaka 2016 na kuua watu zaidi ya 40, hakuna aliyesema kuta zimetuvunja moyo. Watu waliuliza nani alijenga, nani alipitisha, nani alikuwa anachukua kodi. Opena si ghorofa, na sitaki kufananisha mkebe wa samaki na msiba wa watu. Nasema tu kwamba tukipata sababu ya kutosha tunajua kabisa kumtafuta mtu nyuma ya kitu. Kwa vitu vidogo tunaacha kutafuta, na kwa sababu ni vidogo, viko vingi.

Nilizichukua zile opena mbili nikaenda nazo Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, wanaokata bati kutwa nzima na kulikunja likawa sanduku, jiko au karai kwa kelele ambayo ukiizoea inakuwa kama mvua. Nilimpata mzee mmoja aliyekubali kuacha nyundo dakika mbili. Akazipokea, akazibana hewani, akazichungulia kwa jicho moja.

"Zimeharibika wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Hizi hazijaharibika," akasema. "Zimetengenezwa hivi."

Kisha akanionyesha, na ninaeleza hapa kwa sababu tangu siku hiyo siwezi kuishika opena bila kuona. Opena ya kawaida ina magurudumu mawili. Moja lina makali, linakata kifuniko. Lingine lina meno, linashika ukingo kwa chini na kuusogeza mkebe unapozungusha kile kishikio chenye umbo la kipepeo. Hilo la meno ndilo lililokamilisha uvumbuzi: William Lyman alileta gurudumu la kukata mwaka 1870, lakini ilibidi kufika 1925 ndipo kampuni moja ya San Francisco ikaongeza gurudumu la pili, la kushika, na opena ikafanana na tunayoijua. Yote yanategemea nafasi iliyo kati ya magurudumu hayo. Ikiwa finyu, bati linabanwa na kukatika. Ikipanuka hata unene wa ukucha, meno yanakosa cha kushika, na opena inateleza.

Ni nini kinachoipanua? Mzee akabana mikono ya opena. Ilipinda. Bati lake ni jembamba mno, kwa hivyo nguvu yako inaishia kupinda mikono badala ya kubana magurudumu. Akanionyesha ribiti, ule msumari mfupi uliounganisha mikono miwili: tayari ulikuwa unacheza kwenye tundu lake. Akakwaruza meno kwa ncha ya msumari, na meno yakaandikika kama chaki. Chuma laini. "Hii ni sura ya opena," akasema, akarudi kwenye karai lake.

Swali langu lililofuata lilikuwa nani nimkasirikie, na hapo ndipo nilipokwama zaidi. Kuna visa ambapo mwenye kosa anajulikana. Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani waliunda muungano wao huko Geneva, uliojulikana kama Phoebus, wakakubaliana balbu zisidumu zaidi ya saa 1,000. Aliyetengeneza ya kudumu zaidi alitozwa faini. Hapo una meza, viti na watu wa kuwakasirikia. Kwa opena yangu sioni meza. Naona mwagizaji aliyeomba bei ipunguzwe kidogo, kiwanda kilichopunguza unene wa bati kidogo, msafirishaji, mwenye duka aliyeweka opena moja tu kwenye ndoano kwa sababu nyingine hazitoki, na mimi na 180 zangu. Kila mmoja amekata kidogo, na kila mmoja ana watoto wa kulisha. Huwezi kumshitaki hata mmoja. Lakini vile vidogo vyote vimejumlishwa mahali pamoja, kwenye vidole vya mwanamke mzee saa saba mchana.

Wahenga wanasema rahisi huvunja upishi. Ninaiheshimu methali hiyo, na jikoni kwangu imetimia neno kwa neno, lakini tazama inamlaumu nani. Inamlaumu aliyenunua rahisi. Haimuulizi aliyeuza kitu ambacho hakiwezi kupika. Na opena ya 350 ilikuwa na ubovu uleule wa ile ya 180, kwa hivyo bei nayo ni shahidi asiyeaminika sana. Katiba yetu ya 2010 haikufuata methali hapa. Kifungu cha 46, ndani ya Sheria ya Haki kabisa, pamoja na uhai na uhuru wa kuabudu, kinasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Nilifurahi sana kukisoma. Kifungu kinafungua kuliko kifungua-mkebe changu. Halafu nikajiuliza nani atakwenda mahakamani kwa shilingi 180, akose kazi siku nzima, alipe nauli kwenda na kurudi. Haki ipo, ila gharama ya kuidai ni kubwa kuliko kitu chenyewe, na nadhani watu wanaouza vitu vya shilingi 180 wanaijua hesabu hiyo vizuri.

Ndiyo maana tunajipanga. Na hapa lazima niwe mwangalifu, maana sitaki kuutukana ujanja wetu. Nyumba nyingi nchi hii zilisomewa kwa mwanga wa koroboi, taa iliyotengenezwa kwa mkebe uliotupwa. Gorogoro yenyewe, kipimo cha mahindi na maharagwe katika masoko yetu, ilianza kama mkebe wa kilo mbili. Majiko ya Kamukunji yalikuwa mapipa. Mtu akichukua kitu ambacho hakuna aliyemwahidi lolote juu yake, akakigeuza kikawa na faida, huo ni ubunifu na nitausifu hadi asubuhi.

Lakini kuna ujanja wa pili unaovaa nguo za ule wa kwanza. Ni ule wa kukamilisha kazi ambayo mtu mwingine ameshalipwa kuifanya. Nikifungua mkebe kwa saruji huku opena niliyoinunua iko kwenye droo, sijavumbua kitu. Nimefanya kazi ya kiwanda, bure, na juu yake nikapigiwa makofi. Makofi yenyewe ndiyo yanayoficha deni. Kadiri tunavyokuwa hodari wa kuziba mapengo ya wengine, ndivyo mapengo yanavyoacha kuonekana, hadi anapokuja mtu asiyeweza kuziba, mwenye vidole vilivyokakamaa, mwenye mkono mmoja, mama aliyebeba mtoto, hata yule wa mkono wa kushoto ambaye opena karibu zote zimemgeukia vibaya, na sisi sote tunamwona yeye kuwa ndiye mwenye kasoro. Mbaya zaidi, anajiona hivyo mwenyewe.

Kwa hivyo nilipoanza kutafuta opena ya tatu, nilibadilisha swali. Nilikuwa nikiuliza, je, hii inafungua? Karibu kila kitu kinafungua, kikiwa mikononi mwangu. Ile ya pembe, yenye ncha unayoisukuma kama wembe wa ng'ombe, haiharibiki maisha yako yote, lakini inataka bega la mbeba magunia. Kifuniko cha kuvuta kwa pete nacho kinasifiwa kwamba kimemaliza habari ya opena. Mpe mtu ambaye hawezi kuingiza kidole chini ya hiyo pete. Swali likawa: hii inamfungulia nani?

Nikaanza kutembea na mkebe wa maharagwe kwenye begi. Nchi hii, ukinunua balbu, muuzaji anaichomeka mbele yako iwake ndipo ulipe. Redio inajaribiwa, pasi inajaribiwa hadi ipate moto. Tumejenga desturi nzima juu ya kutoaminiana, na ni desturi nzuri. Nikadhani opena itaingia humo. Kwenye supamaketi mbili niliambiwa ukishaifungua kwenye kadi umeinunua. Kwenye duka la tatu mwenye duka alinitazama mimi, akautazama mkebe, akaniuliza kama niko sawa.

Niliipata soko la Toi, kwenye rundo la vyombo vya mtumba, kati ya mashine ya kusaga nyama isiyo na mpini na vikombe vya harusi ya watu fulani. Ni ya zamani, nzito, ya kufungwa ukutani. Unainua wenzo wake, unaingiza ukingo wa mkebe, unaushusha kwa kiganja na unabana wenyewe. Kisha unazungusha mpini mrefu kama wa kisima. Haihitaji kukunja vidole. Haihitaji kubana na kuzungusha kwa pamoja. Muuzaji alitaka 1,000. Nikatoa mkebe wangu, akaishikilia opena kwenye ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikazungusha, na kifuniko kikatoka duara kamili, na watu watatu waliokuwa wanachagua vijiko wakasogea kuona. Tukapatana 600. Maharagwe yaliyofunguliwa hayarudi kwenye begi, kwa hivyo tuliyala palepale na mkate wake, yeye na mimi, tukitumia vijiko ambavyo baadaye aliviuza, nadhani.

Msimamizi wa ploti alilalamika kuhusu matundu ya skrubu ukutani. Nikamwahidi nitayaziba nikihama. Nyanya aliizunguka ile opena siku nzima bila kuigusa, kama mtu aliyeletewa mkwe. Siku ya pili nilikuwa napiga chapa nikasikia mpini ukizunguka, polepole, anausukuma kwa sehemu ya chini ya kiganja. Alifungua mikebe miwili. Wa pili hatukuuhitaji.

Zikabaki zile mbili za droo, na hizo zilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Kumpa jirani ni kumpa ile shida ukaiita zawadi. Kutupa nako ni kumwachia mwokota taka. Jumamosi akapita kijana wa skrepu na mkokoteni wake, anaita vyuma kuukuu, nikamshukia nazo. Akaichukua moja akakizungusha kipepeo.

"Hii si inazunguka, boss?"

"Inazunguka, lakini haifungui."

"Kuna mtu atajipanga nayo." Alikuwa tayari ameitenga pembeni, si kwenye gunia la kupima bali kwenye kikapu cha vitu vya kuuza.

Nikamwambia nampa bure zote mbili, ila azivunje kwanza nikiona. Akanitazama kama yule mwenye duka. Kisha akaziweka chini, akaikanyaga ya kwanza kwa kisigino, ya pili nayo hivyohivyo. Alikuwa amevaa kandambili tu, na zote zilipinda kwa mara ya kwanza.